Kiunzi cha Programu na Kidole cha Mama Hamisi

Meza yangu pale ofisini Ufukoni sasa anakaa Neema, na nimesikia ameshaisogeza mbali na dirisha. Amefanya vizuri. Mimi nilipenda upepo, na upepo wa bahari ulipenda kompyuta zangu. Chumvi iliingia kwenye matundu ya nyaya, kutu ikafuata, na kila baada ya muda nilikuwa naomba kibodi nyingine huku nikijifanya sijui sababu. Siku ya kuniaga, Neema alinivuta pembeni, sahani ya pilau mkononi.

"Mama, hotuba zimeisha. Sasa tuandikie yale ya kweli."

"Yapi?"

"Kwa nini fomu yetu ya mapokezi haina mahali pa kuuliza jina la zamani la mgonjwa. Kila fundi mpya anataka kuongeza kisanduku hicho. Tunamwambia usiguse, Mama Mwanahawa alikataza, lakini akiuliza kwa nini, tunabaki tunatazamana."

Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo mnaviona kwenye picha za ukutani, na mishahara mnaijua kuliko mnavyokiri.

Niliingia shirika letu kama mpiga chapa. Wakati ule shirika lilikuwa na vituo vichache vya afya vijijini, na ofisi kuu mjini Mtwara ilikuwa vyumba vitatu na feni moja iliyohamishwa kumfuata mgeni. Kompyuta ya kwanza ilipofika ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya maharusi, na kwa muda mrefu ilifunuliwa kwa ajili ya wageni tu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuingiza taarifa za vituo, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika fani hii. Sikuitwa na ndoto yoyote.

Kisha akaja Renatus. Alitoka Bukoba na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu vya programu, akapangisha chumba Ufukoni, akalalamikia joto siku ya kwanza na hakuacha mpaka alipoondoka miaka mingi baadaye. Nilimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kusimama darasani. Siku yetu ya kwanza pamoja alinipa karatasi zilizochapwa msimbo wa programu, yale maelekezo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari.

"Soma."

"Sielewi hata neno moja."

"Sikukwambia uelewe. Nimekwambia usome. Wewe una macho ya mpiga chapa, Dada Mwanahawa. Yanaona nukta iliyokosekana kabla hayajaona habari."

Nilisoma na nikaona mabano mawili yaliyofunguliwa bila kufungwa. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete. Tangu siku ile nilikuwa mwanafunzi wake, na kila faili alilotaka kulipeleka kwenye mtambo lilipita kwanza mbele ya macho yangu.

Shirika lilipoamua kuwa vituo vyote vitunze rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, Renatus alichagua moja ya zile zana za kujengea programu za wavuti, yaani programu unayoifungua kwenye kivinjari kama unavyofungua ukurasa wowote wa mtandao. Asubuhi moja aliniita.

"Njoo nikuonyeshe uvivu ulioruhusiwa."

Kwenye dirisha jeusi la kompyuta aliandika amri moja. Kwa lugha ya kawaida ilisema hivi: tengeneza kiunzi cha mgonjwa, ana jina, ambalo ni maneno, ana siku ya kuzaliwa, ambayo ni tarehe, ana kijiji, ambacho ni maneno, ana jinsia na maelezo ya muuguzi, ambayo nayo ni maneno, na ana mzio, ambao ni ndiyo au hapana. Mzio, kwa asiyefanya kazi na waganga, ni ile hali ya dawa kumkataa mtu, akavimba au akashindwa kupumua. Alibonyeza kitufe, na mistari ikaanza kuteremka yenyewe kwenye kioo. Kila mstari ulikuwa unatangaza faili lililozaliwa.

Niwaeleze kilichozaliwa, maana siku hizi mnabonyeza bila kutazama. Lilitoka faili la kujenga jedwali la wagonjwa kwenye hifadhidata. Likatoka faili la kumsemea mgonjwa, linalojua sifa zake na kuzitunza. Likatoka faili la bawabu, ambalo hupokea kila ombi linalotoka kwenye kivinjari na kuamua lipelekwe wapi. Zikatoka kurasa za watu kutazama: orodha ya wote, ukurasa wa mmoja, fomu ya kuongeza mpya na fomu ya kuhariri aliyepo. Zikaandikwa njia za kufikia kurasa hizo, na majaribio ya kuhakiki kwamba vyote vinafanya kazi. Kazi ambayo ingetuchukua siku nyingi ilikwisha kabla chai haijapoa.

Mashine ile haikuwa na adabu ya lugha. Ilipotaka kutaja wagonjwa wengi ilibandika herufi ya kizungu mwishoni: mgonjwas.

"Mgonjwas!" Renatus alicheka mpaka akavua miwani. "Kama timu ya mpira ya Ulaya."

Tukaifundisha kwamba wengi wa mgonjwa ni wagonjwa, ikakubali bila kinyongo. Mimi nilipoachiwa kiti nilijaribu kiunzi cha mbuzi. Muda mfupi baadaye nilikuwa na programu kamili ya kuongeza mbuzi, kuhariri mbuzi na kufuta mbuzi, na ilifanana na ile ya wagonjwa kama pacha. Hapo ndipo nilipoelewa kitu hiki hasa ni nini. Kiunzi hakimjui mgonjwa wala hakimjui mbuzi. Kinajua kuna kitu chenye sifa, na kwamba watu watataka kukiongeza, kukitazama, kukibadilisha na kukifuta. Mengine yote kinaachia wewe.

Tulibishana kuhusu jina. Renatus alisema ni kama lile jukwaa la mafundi wanaojenga ghorofa: unapanda juu yake, unajenga, ukimaliza unalivunja. Nikamkatalia.

"Mwalimu, hili halivunjwi. Kwetu Mikindani nyumba ya udongo huanza kwa nguzo na fito. Fito zinafungwa, watu wanakandika udongo, nyumba inakamilika. Nani anazitoa fito? Zimo ndani ya ukuta. Ufito mmoja ukikaa upande, ukuta wote utakaa upande, na mpangaji atakayekuja atashangaa kwa nini kabati lake linayumba."

"Kwa mtu wa kabila linalokula panya, hilo umelisema vizuri."

"Na wewe kwa mtu wa kabila linalokula panzi, umesikia vizuri."

Tulikandika udongo wetu. Tulitafsiri kila neno kwa Kiswahili, tukaweka rangi ya kijani iliyopendwa na mkurugenzi, tukaweka nywila. Kiungo cha kufuta, ambacho kiunzi hukiweka mbele ya kila jina kana kwamba kufuta mgonjwa ni jambo la kila siku, tulikiondoa mapema, baada ya karani mmoja mwenye kidole gumba kipana kumpoteza mzee mzima aliyekuwa amesimama mbele yake. Lakini fomu ya kuongeza mpya na fomu ya kuhariri tuliziacha zilivyozaliwa. Na mzio ulibaki kisanduku kidogo cha kuweka tiki. Vilifanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakuna anayekifungua.

Mfumo ulienea vituo vyote, na mkurugenzi wetu wa wakati ule, mtu mchangamfu wa tai nyekundu, akaupenda kuliko sisi. Alichokipenda zaidi ni mchoro wa nguzo unaoonyesha wagonjwa wapya. Kila baada ya likizo ndefu ya shule, nguzo ya wavulana ilirefuka ghafla kama mhindi uliopata mvua. Alichapisha mchoro ule mkubwa, akautundika kwenye korido.

"Mnaona?" aliwaambia wageni. "Vijana wanatukimbilia!"

Nilipita mbele ya mchoro ule kila siku, na kila siku ulinisumbua. Wavulana hawaoti kama uyoga. Hakikuwa kimezaliwa kijiji kipya, wala hakukuwa na mlipuko wa ugonjwa. Na wasichana, je, walikuwa hawaumwi likizo? Nikaomba ruhusa ya kwenda kukaa kwenye benchi la mapokezi la kituo kimoja upande wa Mpapura, nitazame tu. Mkurugenzi aliniruhusu kwa furaha, akidhani naenda kupiga picha.

Nilifika likizo ikiwa inaelekea mwisho. Karani wa mapokezi aliitwa Fatu, binti wa palepale, mwenye sauti iliyokifanya kituo kisihitaji kipaza sauti. Niliketi nyuma yake na kikombe cha uji. Aliwahudumia watu haraka na kwa utani, na sikuona kosa lolote. Kisha akaingia mama mmoja na mwanawe. Kijana alikuwa na shati lenye mikunjo ya dukani, miwani ya jua usoni ingawa tulikuwa ndani, na alikuwa anachechemea.

"Shikamoo, mama," Fatu alisema.

"Marahaba. Nimemleta mwanangu. Alijikata na kisiki, mguu umevimba."

"Pole yake. Jina?"

Mama alinyoosha mgongo. "Hamisi." Alilitamka kama mtu anayemtandikia mgeni mkeka mpya.

"Hongera, mama! Katoka salama."

"Alhamdulillahi."

Fatu akaandika Hamisi na jina la kijiji. Kompyuta ikasema hayupo. Bila kusita akabonyeza Ongeza Mpya, akajaza, akachapa kikaratasi, akawaelekeza chumba cha sindano. Nikamsogelea.

"Huyu kijana hajawahi kuja hapa?"

"Huyu? Namjua tangu anabebwa mgongoni."

"Sasa mbona unamfungulia faili jipya?"

Aligeuka akanitazama kama nimemwambia amwage maji ya wageni. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alishusha sauti. "Mama, katoka jando. Unataka nimtaje lile jina mbele za watu?"

Mimi ni mtoto wa Mikindani, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa wasomaji waliokuja huku kikazi, jueni kwamba mvulana akitoka jando huja na jina jipya. Lile la utotoni hubaki hukohuko kambini. Kumwita nalo tena ni kumrudisha utoto, ni tusi kwake na kwa mama yake, na mwenye kuteleza ulimi huomba radhi. Kambi zetu nyingi hufanyika likizo. Kwa hiyo kila likizo ikiisha, wavulana waliokuwa na mafaili walirudi kituoni na majina ambayo kompyuta haiyajui, na Fatu, kwa malezi mema aliyopewa na mama yake, hakuwauliza majina ya zamani. Adabu yake ilikuwa inamzaa kila mvulana mara ya pili. Nilianza kutabasamu nikiufikiria mchoro wa korido na tai nyekundu ya mkurugenzi.

Tabasamu halikudumu. Chumba cha sindano kilitenganishwa na mapokezi kwa pazia tu, na nilimsikia Sista Agnes, muuguzi wa zamu, akizungumza na mama yule. Alikuwa na kikaratasi kipya mkononi, na kikaratasi kilisema: mzio, hapana.

"Kidonda kimetunga usaha. Nitampiga sindano ya penisilini. Lakini hebu niambie, mama, kuna dawa yoyote inayomkataa?"

"Si kuna ile ya sindano! Mwaka juzi alivimba hapahapa kama bunju, macho hayaonekani. Ninyi wenyewe mlimhangaikia."

"Ilikuwa sindano gani, mama?"

"Mimi nitajuaje? Nyeupe."

"Na mbona hukusema mapema?"

"Mlisema mmeandika kwenye mashine," mama alijibu, bila hasira, akishangaa tu. "Nikajua mashine inajua."

Nimesikia malalamiko mengi ya watumiaji katika kazi hii. Hakuna lililonipata kama lile, na wala halikuwa lalamiko. Mashine haikujua. Ilikuwa na mafaili mawili ya mtoto mmoja. Moja lilijua, na jingine, lile jipya, lilisema hapana kwa ujasiri wote. Na hakuna mtu aliyesema hapana. Kisanduku ambacho hakijawekwa tiki kiunzi hukihesabu kuwa hapana, hata kama hakuna aliyeuliza. Siku ile kati ya Hamisi na sindano lilisimama swali la Sista Agnes tu, na Sista Agnes ana siku zake za mapumziko.

"Nipatieni faili la zamani," muuguzi alisema kupitia pazia. "Sichomi kitu mpaka nilione."

Fatu alifungua orodha ya watoto wote wa kijiji kile na kuanza kuiteremsha. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na watu waliokuwa wakipiga soga waliacha, kama watu wanavyoacha soga panapokuwa na jambo. Fatu hakuweza kuuliza. Mama hakuweza kusema. Kijana aligeukia kalenda ya ukutani na miwani yake, akawa anaisoma kwa bidii. Mama akazunguka meza, akainama nyuma yetu, akatazama majina yanavyopita. Kisha akanyoosha mkono juu ya bega la Fatu na kugusa kioo kwa kidole.

"Huyu."

Fatu, ambaye kwa desturi hulisoma kila jina kwa sauti ili kuhakikisha, alifungua mdomo. "Ndiye..." Akaufunga. Akaufungua tena. "Ndiye."

Faili likafunguka: mzio, ndiyo; penisilini; uso ulivimba. Sista Agnes alirudisha kichupa kabatini na kuchukua dawa nyingine. Hamisi alitoka akichechemea vilevile, na siku chache baadaye, kwa taarifa ya Fatu, alikuwa anaruka mitaro. Kwenye kioo ilibaki alama ya kidole yenye mafuta ya nazi. Nilimwomba Fatu asiifute mpaka niondoke.

Kabla sijaondoka Sista Agnes alinisindikiza mpaka nje. "Vijana wa kambi nyingine wanatoka wiki ijayo," alisema. "Huko yumo mmoja mwenye kifafa na wawili wenye seli mundu, ninaowakumbuka mimi. Nisiowakumbuka sijui. Watakuja hapa na majina mapya na mafaili meupe. Nifanyeje?"

Nilimwambia nitampa jibu kabla vijana hawajatoka kambini, kisha njia nzima nikawaza ni jibu gani.

Renatus alinisikiliza bila kunywa chai yake. Akafungua lile faili la fomu, akanionyesha kioo.

"Mistari hii niliandika mimi?"

"Hapana."

"Wewe?"

"Hapana."

"Ndiyo taabu yake. Hakuna mtu wa kumuuliza alikuwa anawaza nini."

Wazo lake la kwanza ndilo lile linalowajia mafundi wenu wapya, kisanduku cha jina la zamani.

"Mwalimu," nilimwambia, "kwenu Bukoba mtakijaza. Huku kitajazwa matusi."

Wazo la pili lilikuwa namba ya kadi. Nikamkumbusha kadi zinazokaa kwenye paa la makuti msimu mzima wa mvua, na zile nilizoona sokoni zimefungiwa karanga. Alitupa kalamu mezani. "Basi sema wewe, mwenye nchi."

Nikamwambia kuhusu kidole. Mama yule hakuhitaji kutamka. Alihitaji kuonyeshwa tu. Na ili kumwonyesha watoto wake hatuhitaji jina la mtoto hata kidogo. Tunahitaji la mama. Yeye jina lake halibadiliki; yeye ni Somoe, alikuwa Somoe alipojifungua, na ni Somoe leo, hata kama mtaani watu wanamwita Mama Hamisi.

Hapo ndipo kazi ya mikono ilipoanza, kazi ambayo hakuna kiunzi kitakufanyia. Tulibomoa ukuta tukazigusa fito. Tulilitoa jina kwenye jedwali la wagonjwa na kulijengea jedwali lake: mtu mmoja, majina mengi, moja tu linalotumika sasa. Jina jipya likija, la zamani halifutwi, linafichwa. Tukamfunga kila mtoto kwa mama yake, tukianza na kituo cha Fatu, majina ya mama tukiyatoa kwenye madaftari ya kliniki: mama mmoja, watoto wengi. Kwenye ukurasa wa kuchagua hatukuandika majina kabisa. Tuliandika mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mwaka wa kuzaliwa, maana hakuna mama asiyejua mpangilio wa watoto wake. Na mzio ukapata majibu matatu: ndiyo, hapana, hajaulizwa. Fomu ikikutana na hajaulizwa inagoma kwenda mbele. Makarani walinuna, kisha wakazoea.

Tulipounganisha mafaili yaliyojirudia, nguzo ya mkurugenzi ilianguka. Alituita.

"Mmeniulia vijana wangu! Wageni wanakuja mwezi huu, niwaambie nini?"

Nilimsimulia pazia, sindano nyeupe, na yale maneno ya mama: nikajua mashine inajua. Alilegeza tai. Kisha akaenda kwenye korido na kuubandua mchoro kwa mikono yake. Wageni walipofika nilimsikia akiwaambia, "Vijana ni walewale. Ila sasa tunawajua." Sijawahi kumsikia akisema jambo zuri zaidi, na hakuna aliyemwandikia.

Wiki ya vijana kutoka kambini nilirudi kwenye benchi langu. Waliingia kwa makundi, mashati mapya, miwani ya jua, mama zao wakipokea hongera mlangoni.

"Shikamoo, mama. Jina lako wewe?" Fatu alimuuliza wa kwanza.

"Langu mimi?" Mama alicheka mpaka akashika meza. "Tangu niolewe hakuna aliyeniuliza hilo ila msimamizi wa kura."

Alitaja jina lake, taratibu, kama mtu anayefungua sanduku alilolisahau. Fatu akamgeuzia kioo. Mama akaonyesha wa tatu. Kijana akaulizwa yeye mwenyewe anaitwa nani, akajibu kwa sauti nzito aliyoitoa mbali, na benchi zima likampigia makofi. Mwenye kifafa alipatikana kabla ya saa ya chakula, na wale wawili wa seli mundu alasiri. Sista Agnes alichungulia kwenye pazia na kunionyesha dole gumba. Jioni kioo kilikuwa hakisomeki kwa alama za vidole, na Fatu alikifuta kwa pembe ya khanga huku akisema leo hakuna mtu aliyeondoka amemnunia.

Lilibaki tatizo moja ambalo hatukuliona. Alikuja mtoto na bibi yake, na mfumo haukumjua bibi. Ikabidi tuongeze walezi. Daima kuna ufito mmoja umesahaulika.

Renatus alistaafu kabla yangu, akarudi kwenye baridi yake. Kila Desemba ananitumia senene, nami namtumia korosho, na kila mmoja anamwambia mwenzake amekula. Zana zilibadilika mara kadhaa baada yake. Viunzi vikawa vikubwa zaidi na vya haraka zaidi, na siku hizi mnaiambia mashine kwa maneno ya kawaida nayo inawaandikia programu nzima mkiwa mnakunywa soda. Sina ugomvi nazo. Nimetumia viunzi mpaka siku yangu ya mwisho kazini na ningetumia leo. Ila kaeni na kila faili mliloandikiwa, mlisome kwa macho ya mpiga chapa, na kwa kila mstari mjiulize kama mtu wa Mpapura angeuandika hivyo.

Neema, jibu lako limeshapatikana, lakini naongeza moja lililonipata likizo hii. Mjukuu wangu, ambaye naishi naye kwa kuwa mama yake yuko kazini Dodoma, ametoka jando. Alirudi na kifua, nikampeleka kituoni. Karani alikuwa kijana mgeni asiyenijua.

"Shikamoo, bibi. Mgonjwa anaitwa nani?"

Mdomo wangu umemwita mtoto yule jina moja tangu alipozaliwa, asubuhi na jioni, akiitwa kula na akiitwa kuoga. Ulifunguka wenyewe. Silabi ya kwanza ikatoka.

"Bibi!"

Mjukuu alikuwa amevua miwani ya jua na ananitazama. Watu wa benchi waliacha soga. Nilisimama pale, mimi niliyekataza kisanduku kile kwa miaka yote, ulimi ukiwa nje kama wa kinyonga.

Karani hakunyanyua hata kichwa. "Tuanze na jina lako wewe, bibi."

Nikalitaja. Aligeuza kioo kikanielekea: mjukuu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaonyesha wa pili.

"Na wewe, kaka, unaitwa nani?"

"Athumani," mjukuu alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akirudisha miwani usoni.

Karani akamchapia kikaratasi, na sisi tukasogea kumpisha mwingine. Kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole. Yangu niliiacha hapohapo.